Kasuku wa Zaituni

Mama yangu,

Shikamoo, huko uliko. Hukupenda watu wanaozunguka kabla ya kusema shida yao, kwa hiyo nasema yangu: juzi nilivuka mto kwenda Mahenge kumtafuta kasuku, na nimerudi mikono mitupu.

Unakumbuka alivyokuja. Ilikuwa masika, mto umefurika, na wewe ulikuwa unapepeta mchele uani kwetu Lipangalala, hapa Ifakara. Akatua juu ya paa la jiko, wa kijivu, mkia mwekundu, amelowa hadi anatia huruma. Baba akasema, "Huyo si wa mapori yetu. Huyo ana mwenyewe." Wewe ulikuwa umeshamwaga chenga kwenye ungo na kurudi nyuma taratibu. Alishuka, akala, kisha akainua kichwa na kusema kwa sauti nzito ya mwanamume: "Zaituni, umekula?" Halafu akakohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima. Baba alicheka hadi akakaa chini.

Jumapili ukamwomba katekista atangaze. Akatangaza, watu wakacheka, hakuna aliyejitokeza. Ukangoja Jumapili nyingine, kimya. Basi, ukasema, tumepewa. Sijui kama kweli ulitaka mwenyewe apatikane. Mimi sikutaka hata kidogo.

Lakini ndege hakuwa na raha. Alikaa ameinama kwenye lile tundu la fito alilotengenezewa na Baba, akijinyonyoa manyoya ya kifua mpaka ngozi ikaonekana. Ukasema huyu upweke unamla. Ukalisogeza tenga la kanga wako karibu naye, yule kanga aliyeanguliwa na kuku wako kutoka yai la porini, aliyekufuata hadi kisimani na kumdonoa miguu kila mtu isipokuwa wewe. Siku za kwanza walitukanana. Baadaye ukikuta mmoja amelala, na mwingine amelala. Kasuku akaanza kula, kifua kikaota manyoya, nawe ukatembea umejaa sifa kana kwamba umetibu mtu.

Kelele za kanga akazishika zote. Baba akawa analalamika kwamba amejenga mjini lakini kila siku anaamkia porini. Yale maneno ya Zaituni tukawa tunayasikia mara mojamoja, kisha hatukuyasikia tena, na hakuna aliyeangalia yaliishia lini.

Kiangazi, Zaituni mwenyewe akapiga hodi.

Namwona hadi leo, mwembamba, ushungi mweupe, viatu amevivua nje ingawa ulimwambia apite navyo. Akaeleza kwamba asili yao ni Kilwa, ila wana duka Mahenge. Alikuwa akimleta mumewe hospitali hapa Ifakara, na mgonjwa akakataa kabisa kumwacha ndege wake nyumbani. Pale kwenye pantoni, wakivuka mto, tundu likaanguka kutoka kwenye lori, mlango ukafunguka. Mume hakutoka hospitali. Zaituni akarudishwa Mahenge, akakaa eda, na mjane aliye edani hatoki kwenda kutafuta ndege. Eda ilipokwisha akaja mwenyewe, akiuliza nyumba kwa nyumba.

"Nilituma watu waulize, dada," alisema. "Msikitini, madukani kote. Wote wakaniambia hajaonekana."

"Sisi tulitangaza kanisani," ukasema.

Mama, kutoka kanisani hadi msikitini mtu anafika kabla jasho halijamtoka. Na lile jina, mwanzoni tulikuwa tukilisikia kila asubuhi. Kanisani kwetu hapakuwa na Zaituni hata mmoja. Ndege alikuwa akitutajia kwao ni wapi, nasi tukimcheka anavyokohoa.

"Haidhuru," Zaituni akasema. "Nataka tu kusikia anavyoniita."

Akakaa kwenye mkeka mbele ya tundu. Kasuku alimwangalia kwa jicho moja, akapiga kelele za kanga. Kanga akamwitikia. Ikawa hivyo mpaka mchana ukapita, chai yake ikapoa, na wewe ukawa unaingia na kutoka jikoni bila kazi yoyote. Mwishowe kasuku akakohoa. Maneno yalikuwa yamekwenda, kikohozi kimebaki. Zaituni akajifunika uso kwa ushungi. "Ndiye," akasema. "Alikohoa hivyohivyo hadi mwisho."

Alifikia kwa ndugu zake mjini, na kila jioni alikuja. Kila jioni nawe uliinamia tundu ukijaribu kumkumbusha. "Zaituni, umekula? Sema, baba. Zaituni, umekula?" Kasuku alinyamaza kama aliyekosewa adabu. Ulipojaribu kuliondoa tenga la kanga, akagoma kula. Ndiyo sababu siku ya safari ulimkabidhi Zaituni ndege wote wawili. Kanga wako alipiga kelele hadi lori likapotea, nawe ukarudi ndani ukaanza kufagia mahali palipokuwa pamekwisha kufagiwa.

Mvua zilizofuata, mama mmoja muuza samaki akatuletea salamu kutoka Mahenge. Zaituni anashukuru, kasuku ameanza tena kumwita jina. Ulikuwa umeshatabasamu yule mama alipomalizia: "Ila anamwita kwa sauti yako, Mama Tekla."

Uliacha ugali ukatoka nje. Nilikukuta nyuma ya jiko. Ulisema, "Mume wa mwenzangu nimemzika mara ya pili." Nilikuwa binti mkubwa tayari, ningeweza kukwambia kwamba ulimlisha ndege mwenye njaa, ukampa mwenzake, ukatoa na wako. Sikusema, na wewe hukufuga ndege tena maisha yako yote.

Sasa nawe umekwenda. Uso wako ninao. Mikono yako ninaiona kila ninapopepeta. Sauti ndiyo imenitoka, mama. Nakaa nikiitafuta, nayapata maneno, siipati sauti. Kisha siku moja nikiwa nachota maji nikakumbuka kwamba ipo, iko Mahenge, ndani ya tundu. Sikungoja hata nguo zikauke kambani.

Duka lina mwenyewe mwingine. Zaituni alirudi kwao Kilwa zamani, akaondoka na ndege wake. Kilwa kubwa, nami sina wa kumuuliza. Nilikaa kwenye baraza lake kama yeye alivyokaa kwenye mkeka wetu, na nikamwelewa, nikiwa nimechelewa sana kumwambia.

Jirani yake, bibi mmoja aliyekuwa akichambua mboga, alicheka nilipomtaja kasuku. "Yule? Alimsumbua kila apitaye! Alianza na Zaituni, mwisho wake akawa anatuuliza sote kama tumekula."

"Na mlimjibu?"

"Sasa tungefanyaje, mwanangu? Sauti yenyewe ya mtu aliyekuzaa. Tulimjibu. Tukipita na ndoo zetu, tunamjibu."

Nilimwomba anionyeshe tundu lilikuwa linaning'inia wapi. Ulikuwapo msumari tu juu ya mlango. Nikasimama chini yake, bibi yule akinitazama, na nikajibu kwa sauti, maana ni wewe uliyeuliza.

Nimekula, mama.

Mwanao wa kike,
Tekla