Kiti cha Mlangoni

Pozzuoli, Jumapili

Kaka Procolo,

Nyanya zimekubali, paka kazaa tena, na kanisa letu la kilimani limefunguliwa upya leo. Lilianza kama hekalu la Warumi, likapita mitetemeko, moto na askari waliotuhamishia mtaa mpya, na bado limesimama.

Unakumbuka kule mtaa mpya Mama alivyobeba kiti chake kila misa, akakaa mlangoni mwa kanisa la huko? "Mimi hapa mgeni." Hata siku ya kumzika Baba, ambayo hukuja, alibaki pale pale.

Leo kapanda kilima mikono mitupu. Mstari wa mbele, mahali pake pa zamani, akamkuta bibi mwenye kofia, akamwambia:

"Sogea, mwanangu. Hapo kwangu."

Akaimba mpaka kwaya ikamfuata yeye.

Kile kiti cha mlangoni anakuwekea wewe. Anasema mgeni aliyebaki kwetu ni mmoja tu.

Dada yako,
Assuntina