Uji niliompikia mama

Ndugu yangu Specioza, mama ametokwa na jino. Halikung'olewa, limetoka lenyewe akila samaki, sato!

Nimemkimbiza kwa daktari wa meno hapa Mkolani. Alipoona zile fizi, akamtoboa kidole apime sukari. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili, Specioza, na kawaida haizidi nane!

Daktari akamwambia, "Mama, hiki ni kisukari, ndicho kinacholegeza meno. Ulikuwa unakula nini?"

Mama akajibu kwa fahari, "Tangu fizi zianze kuuma, mwanangu ananipikia uji kila asubuhi. Wala hanibanii sukari."

Daktari akanigeukia, kisha akatuandikia barua ya kwenda hospitali. Mimi, mwenye digrii!

Sasa tunasubiri gari la kwenda hospitali. Naogopa mno. Mama amelifunga jino kwenye kitenge, anauliza kama kesho uji utakuwepo.