Madoa Saba Ambayo Fundi Hajayaona

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie, siri imenikaa kooni miezi mitatu na sina wa kumwambia.

Mume wangu ni fundi cherehani, ana vinundu laini shingoni na mikononi, hospitali walimwambia ni uvimbe wa kwenye neva, wa kurithi, hata marehemu mama yake alikuwa nao, na mimi nilimpenda hivyo hivyo maana sijaona mwanaume mwenye moyo kama wake, mteja akimkodolea macho yeye hucheka, "Hivi ni vifungo vya akiba, dada, shati likipungukiwa tunachomoa kimoja," na siku mama mmoja aliposema hataki gauni la bintiye lishikwe na mikono ile alimjibu taratibu, "Mama, haviambukizi, wala haviruki kwenye kitambaa," akashona, na yule mama leo haendi kwa fundi mwingine.

Sasa binti yetu ana miezi minane, na nikimwogesha naona madoa ya rangi ya chai ya maziwa, yalianza mawili, sasa ni saba, mengine kama kifungo cha shati, na siku alipozaliwa Fundi alimkagua kuanzia utosini hadi unyayoni akasema, "Huyu kapona," akalia, basi nikaona akiyajua haya atavunjika, nikaanza kumwogesha peke yangu mlango nimefunga, kliniki nikaacha maana tulikuwa tunaenda wote, nikamwomba ashone nguo za mikono mirefu, eti mtoto anaona baridi, naye anashona, na joto lote hili! Juzi alisimama mlangoni na taulo, nikamwambia acha, nitamwogesha mwenyewe. Akaangalia mikono yake. Akasema, "Sawa, mama watoto," akarudi kwenye cherehani, na tangu hapo hajamshika mtoto. Nimwambie, au nisubiri akue?

Mke wa Fundi

Mke wa Fundi, pole kwa uchovu, na hongera kwa kuchagua mume. Sasa nikugombeze. Umemficha madoa, ukamwonyesha kibaya zaidi: anadhani unaiogopa mikono yake. Wateja yeye huwajibu kwa mzaha. Wewe amekunyamazia.

Sikiliza nilivyoelezwa na daktari. Mwilini kuna jeni inayofanya kazi ya breki, inazuia chembe zisizaane ovyo. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye hali hii huzaliwa na moja mbovu, na ile nzima ikiharibika mahali fulani kwenye neva, kinundu huota hapo; madoa kama hayo ya chai hutangulia utotoni, vinundu hufuata ukubwani. Mtoto wa mzazi kama huyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi. Hakuna aliyekosa, si yeye, si wewe.

Kama binti amerithi au la, atasema daktari, si mimi wala si wewe na beseni lako. Lakini madoa saba na baba mwenye vinundu yanatosha kukupeleka hospitali wiki hii. Watamwangalia macho, mgongo, presha, na baadaye wafuatilie anavyojifunza. Dawa ya kuifuta hali yenyewe hakuna, ila neva ya jicho ikivimba ni afadhali igunduliwe mapema. Kwa hiyo hakuna kusubiri akue.

Leo jioni pasha maji, mwite Fundi. Usihutubie. Mvue mtoto hiyo mikono mirefu, mweke mikononi mwa baba yake, mpe sabuni. Atayahesabu mwenyewe, pengine atalia tena. Mwache alie. Halafu mwambie ulichoniambia mimi, kwamba hujaona mwanaume kama yeye. Siku wenzake shuleni watakapomuuliza binti yako haya ni nini, nani atamfundisha jibu la kuwachekesha kama si Fundi?

Na wewe keti. Umeogesha peke yako vya kutosha.