Nimewapigia Filimbi Waumini, na Sasa Filimbi Inarudi Hotelini

Mama Phelis mpendwa, Bwana asifiwe. Naomba msaada wako upesi kwa sababu tarehe tano Januari haiko mbali, na tafadhali usitaje jina langu.

Mimi ni mkulima wa majani chai hapa Sosiot na kwa miaka minne nimeongoza mafunzo ya Biblia nyumbani kwangu kila Jumatano jioni, lakini Desemba hii hoteli moja ya Kericho mjini ilinichukua kwa msimu wa sikukuu, wakati watu wetu wa Nairobi wanarudi na magari, nikapewa koti jeupe, filimbi na bunda la kadi ili niwaonyeshe madereva mahali pa kuegesha, na Mama, nikuambie ukweli, sijawahi kutiiwa namna hiyo, mtu mzima mwenye Peugeot anarudi nyuma kwa sababu mimi nimepunga mkono, na nyumbani hata kuku hawanisikii.

Sasa Jumatano ya kwanza nilitoka kazini moja kwa moja na koti langu, nikakuta Mzee Chepyegon ameshaanza kuomba, na mzee huyu akiomba huwataja ng'ombe wake mmoja mmoja pamoja na mama zao, na kwetu mtu akiomba hakatizwi, lakini alipofika ng'ombe wa sita mkono wangu ukaenda wenyewe kwa filimbi, nikapuliza, naye akasema amina papo hapo. Watu walifurahi sana. Wiki iliyofuata nikaleta kadi, anayefika kwanza asome kwanza, nikapanga viti vyote vielekee mlango ili watu watoke bila kusumbuana, na anayechangia kabla ya zamu yake namwonyesha kiganja. Tulikuwa tisa, sasa tuko ishirini na sita, wengine wanatoka mpaka Kipkelion. Ni kweli mwenzetu Isaiah alipoteza kadi yake, na sheria ya kazi ni kwamba asiye na kadi hatoki mpaka athibitishe gari ni lake, kwa hivyo ilibidi athibitishe kwamba yeye ni Isaiah, na mke wangu Tecla, ambaye amemjua tangu utotoni, alikataa kutia sahihi akisema huo ni upuzi.

Pia Kogo Jerusa, nyanya jirani yangu aliyenifundisha kusoma Biblia nikiwa bado nachunga ndama, hajarudi tangu nilipompigia filimbi akimwombea mwanawe aliyelazwa Kapkatet, lakini yeye ni mzee, labda ni baridi.

Sasa msimu ukiisha filimbi inarudi hotelini, na nusu ya kundi wanasema bila filimbi hawaji. Je, ninunue yangu, au niache kuongoza nitafute kazi ya pakingi ya kudumu?

Msimamizi wa magari, Sosiot

*

Ndugu Msimamizi,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sioni faida, maana Sosiot hakuna koti jeupe lingine linaloendesha maombi.

Kazi uliyopata nakupongeza, tena Desemba ijayo wakikuita nenda. Watu kama Mzee Chepyegon nawajua, na mwenye kuomba mpaka chai ipoe anafaa kuambiwa, lakini huambiwa kando na kwa adabu. Viti vyako vigeuze watu waonane uso kwa uso. Isaiah mpelekee maziwa ya mursik umwombe radhi, na Tecla umshukuru, kwa sababu nyumba hiyo ina mtu mmoja mwenye akili.

Lakini tazama barua yako. Filimbi umeiandikia kurasa mbili. Kogo Jerusa umempa sentensi moja, tena ukaifunika na baridi. Baridi gani? Sosiot ni baridi tangu nizaliwe na mama huyo alikuwa anakuja. Mwanawe yuko kitandani, yeye amefunga macho anamlilia Mungu, na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kusoma anampulizia filimbi kama lori lililoziba mlango. Nimekasirika, ndugu yangu, na nadhani hata wewe unajua, ndiyo maana ulimtaja.

Usinunue filimbi. Ile ya hoteli iache kazini kila jioni pamoja na koti, na umwombe mkubwa wako zamu ya asubuhi siku ya Jumatano. Waliokuja kwa ajili ya filimbi waache waende mpirani, huko ziko nyingi. Mkibaki tisa, ongoza tisa. Saa hii ninavyohesabu mko wanane.

Kwa hivyo usingoje Jumatano. Kesho nenda kwa Kogo Jerusa kwa miguu, na usihubiri. Muulize mwanawe anaendeleaje, na kama bado amelazwa, msindikize Kapkatet. Kisha mwombe aendelee na yale maombi kuanzia pale ulipoyakata. Funga macho, na usiyafungue mpaka yeye mwenyewe aseme amina, hata kama atataja ng'ombe.