Bomba Lililogeuzwa

Chukwani, Oktoba 2004

Kaka Zahran,

Kanzu ulizotuma kutoka Maskati zimefika. Mwanangu Nunu kajifungua mtoto wa kike. Hoteli yako ya mjini imejaa, na wageni hawana la kulalamika.

Zamani walilalamika, unakumbuka? Walisema moshi wa jenereta unawafuata roshani. Ukaagiza bomba la moshi ligeuzwe, likaelekea dirisha la chumba cha Mama, hapo nyuma ya hoteli. Miaka tisa kila umeme ukikatika anauvuta yeye. Pazia zake nnazifua kila wiki, na kila wiki maji yanatoka meusi.

Unaandika kwamba mishipa ya moyo wake imeziba kwa samli na kwa udi anaojifukiza. Daktari aliniuliza nani anavuta sigara nyumbani. Nikamwambia hakuna. Akauliza Mama analala wapi. Nilipomweleza, akaweka kalamu chini. Akasema samli ina lake, lakini moshi wa miaka yote ile nao umemuharibu mishipa, na dawa hazitamfaa kitu akibaki pale.

Basi nshamuhamisha, yuko kwangu. Usinipigie simu kunigombeza, maana simrejeshi.

Unasema utakuja Idi na unaulizia pa kulala. Usihangaike. Nshakutandikia kitanda cha Mama kule kule mjini. Dirisha halifungiki, bawaba zimeliwa na kutu. Na Nadir, mwendesha jenereta wako, nshamwambia aiwashe usiku kucha, hata umeme ukiwepo.

Nduguyo wa tumbo moja,
Ibtisam