Sampuli ya Nyumba ya Mbwa

Shoga, uko wapi? Leo nimeumbuka, nimeumbuka!

Unaikumbuka ile nyumba ya mlimani yenye mbwa? Kanuni za mamlaka ya maji zinataka kila mwezi nichukue sampuli ya maji kwenye bomba lake. Mimi yule mbwa simwezi. Basi chupa ya nyumba ile huwa naijazia jikoni kwangu. Maji si ni yaleyale?

Leo bosi kaniita. "Sampuli ya mlimani ina vijidudu vya kinyesi. Sheria inasema turudie kupima leo hii hii. Twende wote."

Twende wote!

Tumefika, mbwa kalala hana habari na mtu. Mama mwenye nyumba katoka, bosi kamweleza tumekuja kupima bomba lake. Mama kacheka mpaka kashika mlango.

"Bomba gani, wanangu? Si mlinikatia maji mwaka juzi? Mimi nakinga ya mvua."

Mwaka juzi, shoga! Bosi kanitazama, kaitazama fomu, kanitazama tena. "Saini hii ya nani?"

Nikasema yangu. Ningesema ya mbwa?

"Na haya maji machafu uliyachota wapi?"

Hapo ndipo akili iliponijia. Jikoni kwangu! Kwenye tangi ambalo sijalisafisha tangu nihamie! Asubuhi nimekunywa glasi mbili, na mama mkwe nimemjazia jagi zima.

Barua ya kujieleza nitaandika kesho. Sasa hivi nachemsha maji, na mama mkwe yuko chooni, ananiita.