Dakika Mbili Nilizozikata

Jumatatu, 4 Machi

Mtu wa ishirini na saba leo, wa mwisho! Kazi yenyewe rahisi kueleza: nabandika kihisi mkononi, mwanga mwekundu unaingia ngozini, mashine inachora damu inavyopita. Haipiti sawasawa. Kuna wimbi la moyo, la pumzi, na lile zito la polepole, la mishipa yenyewe. Fundi akichoma sindano zake za tiba ya Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa, hilo la polepole linakua. Watu ishirini na tatu kati ya ishirini na saba! Nani ataniambia nini?

Fundi, mchoma sindano wetu, anatembea kama bwana harusi. Ripoti yangu ndiyo itakayoamua kama hospitali itamwachia chumba chake. Eti keshachagua mapazia.

Jumanne, 5 Machi

Bosi kasoma rasimu. Hakuguna — kwake hiyo ni sifa. Ila kauliza: dakika mbili kabla ya sindano mbona hazimo? Nikamwambia nimezikata, ni takataka. Fundi anapapasa, anapangusa spiriti, mchoro unarukaruka. Akasema takataka za mtu ndizo zinazoonyesha anachokula. Mchokozi! Chai ilinipalia kwa hasira.

Haya, nitazirudisha. Sina cha kuficha.

Jumatano, 6 Machi

Wimbi linakua kabla ya sindano. Karibu dakika nzima kabla!

Nilidhani saa ya mashine imekosea. Haikukosea. Nikafungua video. Ni pale Fundi anapokaa, anashika kiganja cha mgonjwa kwa mikono yote miwili, anasema, "Pole, nitakuumiza kidogo." Ishirini na tatu, wote hapo hapo. Na wale wanne ambao wimbi lao halikupanda? Wa siku ile Fundi alipokaukiwa sauti kwa mafua. Alivaa glavu, akachoma bila neno.

Mimi mwenyewe ndiye niliyelikata jibu nikalitupa. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Hili ni kubwa kuliko nililokuwa nalitafuta, najua hivyo. Lakini Fundi nitamwambiaje?

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia. Kesho afanye kila kitu kama kawaida, ila sindano asichome.

Akafunika trei yake ya sindano. Halafu: "Yaani mwanangu, unataka kunivua nguo mbele za watu?"

Nikamwambia hapana, nataka kujua kinachofanya kazi ni kipi.

"Miaka kumi na tisa nimeisomea sindano. Kushika mkono hata mama yangu anajua."

Nilisema tu kwamba namheshimu, na uongo sitauandika. Kaondoka, kafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza. Imeniuma.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika huku mashine inaendelea. Fundi kaja!

Kitandani ni dada yangu, mwenye vidole vya baridi tangu utotoni. Alisaini kwamba huenda asichomwe. Leo atachomwa au la, hajui. Kafumba macho. Fundi kakaa, kashika kiganja. "Pole, dada. Nitakuumiza kidogo." Sindano iko kwenye trei, karatasi yake haijafunguliwa.

Fundi ameipa mashine mgongo. Mimi naiona.

Linapanda. Jamani, linapanda!

Dada anasema mkono unapata joto. Anasema sindano za siku hizi haziumi kabisa, wamezitengeneza vizuri.

Fundi kageuka, ananitazama mimi, si mashine. Kiganja bado hajakiachia —